Mikoba ya Ngozi ya Zamani: Vile Utajua OG na Feki Kabla Utoe Doo Gikosh

Pale Gikosh, mkoba wa ngozi ulioshonwa New York miaka ya 80 unaweza kuwa umelala kwa lundo moja na begi ya plastiki iliyoshonwa juzi, na zote mbili zinaitishwa bei sawa. Hapo hapo, mtaa wa pili, kuna msee anauza begi iko na jina kubwa mbele, anaitisha thao nane, na hiyo begi haina hata kipande cha ngozi ndani yake.

Mwenye ataenda home na mali safi ni yule anajua kusoma ngozi, mshono na chuma. Hii ndio rada yote, kutoka vile hizi begi hufika Eastlando hadi vile utaangalia moja kwa dakika tano bila kuingizwa box.

VINTAGE NI GANI?

Watu wengi wanasema vintage wakimaanisha kitu chochote cha mtumba. Wale wa hiyo biashara kwa kawaida huhesabu miaka 20 kwenda juu. Kwa hivyo begi ya 2003 imeshaingia, ya 2019 bado ni mtumba tu, hata ikiwa imechakaa aje.

Na mbona watu wanazitaka? Sababu ya kwanza ni ngozi yenyewe. Chukua Coach. Kampuni ilianza 1941 kwa karakana ndogo Manhattan, New York, na ngozi yao ya mwanzo ilitokana na wazo la glavu ya besiboli: kadiri unavyoitumia, ndivyo inakuwa laini na kung'aa. Miaka ya 60 waliajiri mbunifu Bonnie Cashin, na yeye ndiye alileta ile kufuli ya kuzungusha unaona mbele ya begi zao hadi leo. Wazo alilitoa kwa vifungo vya paa la gari lake, lile paa la kukunjwa. Begi zao za zamani zilishonwa kwa ngozi nene bila kitambaa ndani, na ndio maana unaweza kupata moja ya miaka 35 na bado inabeba laptop, chaja na lunch ya kazi bila kulia.

Sababu ya pili ni luku. Ukipanda mat ya Umo asubuhi utahesabu begi tano zinafanana, zote zimetoka stall moja tao. Ile ya zamani uko nayo peke yako.

Sababu ya tatu ni ganji. Begi ya plastiki ya soo nane inaambuka kabla mwaka uishe, unanunua ingine. Ya ngozi ukiitunza unaibeba miaka kumi, na ukichoka nayo unaiuza. Kule juu kabisa, hii biashara iko na bei za kizunguzungu: Julai 2025, Birkin ya kwanza kabisa, ile Hermès walitengenezea mwigizaji Jane Birkin, iliuzwa kwa mnada wa Sotheby's pale Paris kwa euro milioni 8.6. Ilikuwa imekwaruzwa na kutumika hadi basi. Hakuna mtu atakupatia hiyo Gikosh, lakini inaonyesha vile begi ya zamani inaweza kushinda mpya kwa thamani.

ZINAFIKAJE HAPA?

Mtumba wa Kenya huingia kupitia bandari ya Mombasa, umefungwa kwa bale, kutoka Ulaya, Uingereza, Marekani, Canada, Uchina na kwingineko. Biashara ilipanuka sana miaka ya 90 serikali ilipofungua soko kwa bidhaa za nje. Machi 2020, wakati wa korona, serikali ilisimamisha mitumba kuingia, na ikaachilia tena Agosti mwaka huo. Hiyo miezi michache iliwafunza watu wa Eastlando ni familia ngapi zinakula kupitia bale.

Bale ikikatwa asubuhi, vitu kali huchomolewa kwanza. Hiyo ndio inaitwa kamera. Kamera inaendea wenye maduka na wale wa kuuza mtandaoni, halafu inayobaki inashuka bei siku inavyosonga hadi inakuwa ya kufagia. Kwa begi, hii ni poa kwako: mchaguaji wa kamera mara nyingi anafuata kile kinang'aa na jina kubwa mbele. Begi ya ngozi ya kahawia, haina jina nje, imekauka na vumbi, inaweza kuachwa hadi saa kumi jioni. Na hapo ndio utapata zile kali.

Lakini shika hii vizuri: "imetoka kwa bale" si ushahidi kwamba ni OG. Huko majuu pia watu hununua feki. Canal Street pale New York imekuwa maarufu kwa begi feki kwa miaka mingi. Mtu ananunua, anatumia, anachoka, anapeana kwa msaada, inaingia bale, inashuka Mombasa, inafika Gikosh. Kwa hivyo kuna feki ambayo ni nzee kweli kweli. Uzee pekee hauifanyi legit.

ANZA NA NGOZI, JINA BAADAYE

Makosa ya wengi ni kuanza na logo. Logo ndio kitu rahisi zaidi kuigiza. Ngozi ni ngumu. Fanya hivi:

1. Inusa. Ngozi iko na harufu yake hata baada ya miaka mingi. Plastiki inanuka petroli ama haina harufu yoyote. Angalia tu isiwe imepuliziwa marashi ya ngozi. Hiyo harufu inakuwa kali sana na iko juu juu.

2. Angalia ukingo. Tafuta mahali ngozi imekatwa: ncha ya mkanda, ndani ya mfuko, chini ya kifuniko. Ngozi inaonyesha nyuzi nyuzi kama za suede. Reksini inaonyesha tabaka mbili, plastiki juu na kitambaa chini.

3. Angalia vinyweleo. Ngozi ya ng'ombe iko na vitundu na mikunjo isiyofanana, kwa sababu ilikuwa mnyama. Ukiona mchoro unajirudia sawa sawa kutoka mwanzo hadi mwisho, hiyo imepigwa mashine. Kuna ngozi halisi pia hupigwa muhuri wa mchoro, kwa hivyo usihukumu kwa hiki kipimo peke yake.

4. Bonyeza na kidole. Ngozi inakunjamana kidogo kuzunguka kidole halafu inarudi. Plastiki inazama tu na kubaki laini.

5. Angalia vile imezeeka. Ngozi ikizeeka inapasuka, inakauka, inabadilika rangi, inang'aa mahali mkono unashika. Plastiki inaambuka kama ngozi ya viazi na kuacha kitambaa. Ukiona inaambuka, weka chini uende.

Kuna wale watakuambia uwashe kiberiti, eti ngozi inanuka nywele zilizoungua na plastiki inayeyuka. Ni ukweli, lakini usichome mali ya mtu. Ukitoboa tundu, umeinunua.

MSHONO, ZIPU NA CHUMA

Baada ya ngozi, geuza begi ndani nje kama inawezekana. Kampuni kubwa zinashona kwa mpangilio: mishono ya urefu mmoja, imenyooka, na upande wa kushoto unalingana na wa kulia. Feki husahau ndani, chini na kwenye pembe. Uzi unaning'inia, gundi imemwagika, mishono imerundikana mahali mkanda unaingia.

Zipu ifungue na kuifunga mara tatu. Inafaa isonge bila kukwama. Begi nyingi nzuri za zamani ziko na jina la mtengenezaji wa zipu, kama YKK ama Talon, nyuma ya kichwa cha zipu. YKK pekee haithibitishi kitu, maana hata begi za bei rahisi huitumia, lakini zipu nyepesi ya plastiki iliyopakwa rangi ya dhahabu ni dalili mbaya.

Chuma kibebe kwa mkono. Shaba ya njano ni nzito na baridi, na ikizeeka inakuwa nyeusi nyeusi ama kijani kidogo, unaweza kuisugua ing'ae tena. Rangi ya dhahabu ya bei rahisi inambuka na kuonyesha chuma kijivu. Beba sumaku ndogo, hata ile ya spika ya simu iliyokufa: shaba haishikwi na sumaku. Usiitumie kama hakimu wa mwisho, kwa sababu begi OG zingine ziko na sehemu za chuma cha kawaida, hasa pale kwenye kifungo cha sumaku chenyewe.

Mwisho soma maandishi. Herufi zimenyooka? Nafasi kati yazo ni sawa? Jina limeandikwa vizuri? Feki za zamani zilikuwa na makosa ya wazi. Za siku hizi zimejifunza, kwa hivyo maandishi safi hayatoshi.

BRAND KWA BRAND

Coach. Hii ni kati ya zile uko na nafasi ya kuangukia. Fungua ndani utafute kipande cha ngozi chenye maelezo ya kampuni yamepigwa muhuri moja kwa moja, na namba chini yake. Kwa zile za kuanzia katikati ya miaka ya 90, namba baada ya kistari kwa kawaida ndio ya modeli, kwa hivyo unaweza kuitafuta kwa simu papo hapo uone kama picha inafanana na begi uko nayo mkononi. Zikikataa kufanana, uliza maswali. Begi za zamani kabisa hazikuwa na namba, kwa hivyo kukosa namba peke yake si feki. Na ile Coach ya kitambaa chenye herufi C imejaa kila mahali ilianza 2001, kwa hivyo mtu akikuambia ni ya miaka ya 70, mwachie.

Dooney & Bourke. Ya Marekani, ilianza 1975. Nembo ya bata, ngozi nzito yenye chembechembe, iliyotengenezwa kustahimili mvua. Watu wengi hapa hawaijui jina, kwa hivyo hupita chini ya rada. Ndani tafuta lebo ya kitambaa yenye nyekundu, nyeupe na bluu.

Louis Vuitton. Hapa ndio watu huoshwa sana. Kwanza jua: ile begi ya kahawia yenye herufi LV na maua, mchoro wa 1896, kwa kawaida si ngozi. Ni turubai ya pamba iliyopakwa plastiki. Ngozi iko kwa mkanda, vishikio na pembe, na hiyo ngozi haijapakwa kitu, kwa hivyo inaanza rangi ya krimu na kuiva hadi asali, halafu kahawia. Begi inayodaiwa kuwa ya 1995 na vishikio bado vyeupe pe pe pe inahitaji maelezo, labda vilibadilishwa.

Halafu ile kodi ndani. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 80 hadi 2021 LV walikuwa wakipiga herufi na namba, kabla wahamie chipu. Kwa begi za 1990 hadi 2006 kuna herufi mbili na namba nne: ya kwanza na ya tatu ni mwezi, ya pili na ya nne ni mwaka. Kwa hivyo 0036 ni mwezi wa 3, 2006. Kutoka 2007, ya kwanza na ya tatu zikawa wiki. Sasa ukiona 1956: mwaka ni 96, mwezi ni wa 15. Mwezi wa 15 hauko. Hiyo ni feki, funga mjadala. Lakini kodi ikiwa sawa, bado feki inaweza kuwa imenakili ya begi ingine.

Mambo mawili watu hudhani ni feki na si feki: LV iliyoandikwa imetengenezwa Uhispania au Marekani (ziko, si lazima Ufaransa), na Speedy yenye herufi zimepinduka upande mmoja. Speedy ya kawaida hukatwa kwa kipande kimoja kinachozunguka chini, kwa hivyo upande mmoja lazima herufi zisimame kichwa chini.

Gucci. Ilianzishwa Florence, Italia, 1921. Kipande cha ngozi ndani huwa na safu mbili za namba kwa nyuma, na safu moja ni ya modeli. Hiyo namba si ya begi moja, begi nyingi huishare, kwa hivyo muuzaji akikuambia "namba yake iko kwa mtandao" hajathibitisha kitu.

Chanel. Ile ya mkufu wa chuma, 2.55, ilipewa jina kwa sababu ilitoka Februari 1955. Zile herufi mbili za C zimeingiliana kwa mpangilio: juu, C ya kulia inapita juu ya ya kushoto. Chini, ya kushoto inapita juu ya ya kulia. Feki nyingi hukosea hapo. Pia mchoro wa almasi inafaa uendelee bila kukatika kutoka kwa begi hadi kwa mfuko wa nyuma.

Hermès. Birkin ilianza 1984 na hushonwa kwa mkono na fundi. Mtu akikuuzia moja kwa thao kumi na tano pale stendi, wote wawili mnajua jibu.

MANENO YA KUKUOSHA

"Mirror", "grade one", "OG copy". Hayo yote ni majina ya feki. Hakuna OG yenye grade.

"Iko na kadi yake." Kadi, mfuko wa vumbi na risiti huchapishwa kama kitu kingine chochote. Begi ndio inaongea.

"Nimetumiwa na siste yangu majuu." Inaweza kuwa ukweli. Bado angalia mshono.

"Tuma deposit, kuna mtu mwingine anaitaka." Hapa ndio ganji inapotelea. Ukinunua kwa mtandao, itisha picha za ndani, kodi, zipu kwa nyuma, pembe nne za chini, na moja yenye karatasi imeandikwa jina lako na tarehe ya leo kando ya begi. Muuzaji legit hatakasirika. Mwenye anakupa picha za brosha tu, songa.

SHERIA IKO WAPI?

Kenya iko na Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi ya 2008 na mamlaka yake maalum ya kuisimamia. Kutengeneza, kuuza, kuingiza nchini au kuweka feki kwa ajili ya biashara ni kosa. Ukipatikana mara ya kwanza, unaweza kufungwa hadi miaka 5, ama upigwe faini isiyopungua mara 3 ya bei ya rejareja ya kila kipande, ama zote mbili. Ukirudia, kifungo kinafika hadi miaka 15.

Kwa hivyo hii si story ya mnunuzi tu. Kuna vijana wengi Buru, Kayole na Dandora wanauza begi kwa simu ili kulipa keja. Ukiandika "OG" bila kuangalia, unaweka mtaji na jina lako kwa hatari. Hujui? Andika "mkoba wa ngozi, wa zamani, jina halijathibitishwa" na uuze kwa bei ya ngozi. Wateja hurudi kwa muuzaji kama huyo.

BEI NA HESHIMA

Kanuni ya kukulinda: lipa bei ambayo ungelipa kama begi haingekuwa na jina lolote. Tuseme ni ngozi safi, zipu inafanya, saizi yako, na kwako hiyo ni thao moja. Jina likija kuwa la kweli, umeomoka. Likiwa feki, bado uko na begi ya ngozi. Pesa ya jina toa tu kama umethibitisha.

Na ukibargain, bargain na heshima. Yule mathe alinunua bale bila kujua kuna nini ndani, na kuna bale zingine hazirudishi hata nusu ya pesa. Msalimie, muulize anafungua siku gani begi mpya, muachie namba yako. Kastoma anayejulikana huitwa kabla ya lundo kumwagwa.

UKISHAIPATA

Usiioshe na Omo, na usiianike juani. Maji mengi na jua hukausha ngozi hadi ipasuke. Pangusa na kitambaa chenye unyevu kidogo, acha ikauke kivulini, halafu paka mafuta ya ngozi kidogo kidogo, ukijaribu kwanza mahali hapaonekani. Kiwi ya viatu iache, rangi yake itahamia kwa nguo yako. Harufu ya kuvu? Weka baking soda kwa soksi safi, iache ndani usiku kadhaa. Ijaze na T-shirt nzee ikae shepu.

Mkanda ukikatika, peleka kwa fundi anayejua ngozi. Soko la Kariokor, lile lilipata jina kutoka kwa Carrier Corps ya Vita vya Kwanza vya Dunia, limejaa mafundi wa viatu na mikoba ya ngozi, na wako hatua chache kutoka Gikosh. Mwambie ahifadhi chuma cha zamani, hiyo ndio iko na thamani. Na kama umezunguka siku nzima hujaona kitu, huyo huyo fundi anaweza kukushonea mkoba wa ngozi ya hapa Kenya, umeuona ukishonwa, na hautawahi kuuliza kama ni feki.

KWA KIFUPI, DAKIKA TANO ZA KUANGALIA

Dakika ya kwanza: harufu na ukingo wa ngozi. Ya pili: mshono ndani, chini na pembe. Ya tatu: zipu na uzito wa chuma. Ya nne: maandishi, kodi na kama vinalingana na umri unaodaiwa. Ya tano: rudisha chini, pumua, jiulize kama ungeinunua bila hilo jina. Jibu likiwa ndio, anza kuongea bei.